Laptop Haikuzima

Mwanangu Elineema,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo uani ukibishana na mama yako juu ya mkungu wa ndizi. Yeye anasema lazima uende nao, wewe unasema Mbeya kuna ndizi. Utashindwa. Nimeishi naye miaka ishirini na mbili, najua kesho asubuhi mkungu utakuwa kwenye buti la basi na wewe utakuwa unamshukuru.

Mambo ya kula, kuvaa sweta, kwenda ibadani, kutompa simu yako mtu usiyemjua, hayo mama yako ameshakuambia, na mengine amekuambia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka tisa. Ningekuambia kwa mdomo, ila mdomo wangu ni wa fundi, umezoea kusema "njoo kesho". Kwa hiyo nimechukua kalamu.

Jambo lenyewe ni hili: wewe hukuiua ile diski ya sauti za Bibi. Niliiua mimi.

Haya, nimeshaandika, na ni wino, haufutiki. Sasa soma taratibu nikueleze.

Muda si mrefu uliopita nilikuwa hapa sebuleni na laptop yako mezani. Ukaja ukasimama mlangoni na blauzi yako nyeupe mkononi, ile ya kusafiria. "Baba, naweza kuchomeka pasi?" Nikakuambia chomeka. Ukaitazama laptop, ukautazama waya wake, ukasema, "Hapana, wewe maliza kwanza," ukaondoka. Nilijua unakokwenda. Ulikwenda kuilaza blauzi chini ya godoro. Una miaka kumi na tisa, unaenda kuanza chuo, na bado unanyoosha nguo kwa kuzilalia! Watu wa hapa Kijenge wanakusifu: "Mtoto wa fundi huyu mwangalifu kweli, hata chaja ya simu hachomeki bila kuuliza." Nami miaka yote nimekuwa nikitabasamu na kuzipokea hizo sifa, kana kwamba nilikulea hivyo kwa makusudi.

Ulipoondoka mlangoni nilishindwa kuendelea na kazi. Ndipo nikatafuta karatasi.

Laptop yako naiweka sawa. Ina Windows kwa ajili ya chuo na Linux kwa ajili ya ubishi wako. Ile diski yake, SSD, ina programu ndogo ndani yake, firmware, ambayo si ya Windows wala si ya Linux. Ni ya diski yenyewe. Ndiyo inayojua kila kitu kimewekwa wapi humo ndani. Ukifuta mifumo yote miwili ukaanza upya, yenyewe utaikuta palepale chini. Na firmware hii yako ni ya zamani, ndiyo sababu mashine imekuwa ikigandaganda. Nataka uondoke na mpya.

Jana uliniuliza, "Kwa hiyo nikiisasisha nikiwa Linux, Windows nayo inakuwa imepona?" Nikakuambia imepona, maana mgonjwa ni mmoja. Ulicheka, lakini ndivyo ilivyo. Upande wa Windows mara nyingi mtengenezaji wa diski ana programu yake, unabonyeza na kusubiri. Upande wa Linux ni amri mbili tatu, kama mtengenezaji ameleta toleo lake huko. Kama hajaleta, unaandaa flashi, unawasha mashine kwa hiyo flashi, kazi inafanyika bila mfumo wowote kuamka. Njia yoyote utakayopita, mlango ni mmoja. Na ukishaingia mlango huo hutoki katikati.

Ila kabla ya hapo, nakala. Sasa hivi nanakili kila kitu chako kwenye diski ya nje, hata zile picha za marafiki zako wakila chipsi. Mashine inasema dakika hamsini. Ikisema hamsini jua ni saa moja na nusu. Leo sina haraka nayo.

Usidhani nilizaliwa nayajua haya. Ulipokuwa darasa la pili alikuja dukani kwangu Kaloleni mama mmoja anayeongoza watalii, na laptop yake ya Mac. Akasema, "Fundi, nisasishie na firmware ya diski, nimesikia ni muhimu." Sikuwa nimewahi kufanya hivyo kwenye Mac hata siku moja. Badala ya kusema sijui, nikasema, "Niachie, njoo keshokutwa." Siku mbili nilitafuta kitu ambacho hakipo. Ile diski inayokuja na Mac yenyewe husasishwa pamoja na mfumo. Ukiusasisha mfumo, na diski tayari. Ningeweza kumwambia hivyo akiwa bado amesimama mlangoni. Aliporudi nikakunja uso nikamwambia, "Aisee, ilikuwa kazi." Akanishukuru mno, akaniletea na chupa ya asali. Mliila wewe na mama yako. Mimi ilinikwama kooni, lakini si sana. Ingenikwama zaidi labda ningejifunza mapema.

Sasa tufike kule nisikotaka kufika.

Unakumbuka Bibi yako, mama mzaa mama, alivyokuwa akiishi kule juu ya Maji ya Chai na migomba yake na kahawa yake. Krismasi zake mbili za mwisho mama yako alimrekodi kwa simu. Bibi akiimba nyimbo za ibada kwa Kimeru. Bibi akigombana na kuku. Bibi akisimulia alivyotembea kwenye tope kwenda kubatizwa, viatu mkononi. Na ile uliyoipenda wewe, anapokuita kwa ukali: "Elineema! Usinikanyagie miche ya kahawa na hiyo miguu yako!" kisha unasikika wewe kwa mbali ukicheka. Simu ilipojaa, sauti zote zikahamia kwenye laptop yangu. Mama yako akauliza kama abakize na kwenye simu. Nikamwambia, "Futa tu, kwangu ni salama." Mimi huyo! Dukani ukutani nimebandika karatasi ya kalamu nyekundu, WEKA NAKALA KWANZA, na wateja nawakemea kama mwinjilisti. Mganga hajigangi, mwanangu.

Bibi alipofariki tukazika, na mwaka uliofuata ukoo ukapanga ibada ya shukrani, kuweka msalaba kaburini. Mama yako alitaka siku hiyo watu waketi pale kwenye migomba wamsikie Bibi mwenyewe akiimba. Alikuwa ameshawaambia dada zake wote. Ikabaki wiki moja. Laptop yangu ikaanza kuganda, kama hii yako, na nikasoma mahali kwamba dawa ni kusasisha firmware ya diski. Ilikuwa Jumamosi mchana. Kunakili sauti zote na picha kungechukua saa tatu hivi.

Nilitaka kuwahi mpira. Natamani ningekuwa na sababu nzuri zaidi ya kukupa, lakini sina. Kulikuwa na mechi, na wenzangu walikuwa wananisubiri.

Nikaanza bila nakala. Ule mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi ukaenda vizuri, ukafika katikati, ukasimama. Dakika tano. Kumi. Juu yake kumeandikwa wazi, usizime mashine. Nikajiambia hii imekwama, mimi ndiye fundi hapa. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia, nikakishikilia mpaka ikazima. Nilipoiwasha tena, kioo cheusi na maandishi meupe: hakuna diski. Nikazima, nikawasha. Hakuna diski. Nikaifungua, nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Nikasali, haki ya Mungu nilisali, nikiwa nimeshika bisibisi. Hakuna diski.

Nilikaa nusu saa nzima hivyo, jasho linanitoka, mpira nimeusahau. Ndipo ukaja wewe. Ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa na gauni lako jeupe la kwaya ya watoto, na kesho yake mlikuwa mnaimba. Hukuuliza, na kwa nini uulize? Mtoto anaomba ruhusa ya kunyoosha gauni la kwaya? Ukachomeka pasi kwenye ekstensheni yangu. Pasi ile waya wake ulikuwa umechubuka, nami nilikuwa nimeahidi kuutengeneza tangu mwezi uliopita. Swichi kuu ya nyuma ya mlango ikajizima. Redio ya mama yako ikanyamaza jikoni.

Laptop haikuzima, Elineema. Ilikuwa na betri nzima. Iliendelea kuwaka mbele ya macho yangu na maandishi yake yaleyale. Niliufunga mfuniko wake haraka ili mama yako akiingia asiuone mwanga.

Akaingia. "Kuna nini?"

Nikasema, "Umeme umekatika nikiwa katikati ya kazi. Diski imekufa."

"Si ina betri?"

"Betri ilishakufa zamani," nikasema.

Akaangalia pasi. Akakuangalia wewe. Nami nikanyamaza. Sikusema ni wewe, mwanangu, na kwa miaka nilijitetea hivyo moyoni, kwamba sikuwahi kusema ni wewe. Sikuhitaji kusema. Wewe mwenyewe ulisema, "Ni mimi," kwa sauti ndogo, kabla hata hujaulizwa. Katika nyumba hii, siku ile, mwenye ujasiri alikuwa mtoto wa miaka kumi.

Mama yako hakukugombeza. Alikaa sakafuni akalia kama siku ya msiba wenyewe. Ukamwendea ukamshika goti, ukamwambia, "Mama, samahani, nilitaka kunyoosha tu." Maneno hayo nayasikia mara nyingi nikiwa nafungua mashine ya mtu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako. Ningesema neno moja tu ungelala salama usiku ule.

Betri ile iliyokufa zamani niliitoa wiki iliyofuata nikaifunga kwenye laptop ya mwalimu mmoja wa Maji ya Chai. Ilimfaa miaka miwili mingine.

Kwenye ibada hakukuwa na sauti ya Bibi. Mama yako alisimama akaimba mwenyewe, akakosea ubeti wa pili, dada zake wakamshika mkono wakamalizia. Nilikutafuta nikakuona nyuma kabisa, kwenye migomba, peke yako. Gauni lako la kwaya lilikuwa na makunyanzi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi imekwenda miaka tisa. Kila mwaka nilisema nitamwambia akikua kidogo, kisha ukawa umekua na mimi nikawa nimezidi kuona haya. Nikajaribu kupitia pembeni. Ile baiskeli, unaikumbuka? Ilikuwa ni kwa ajili ya hilo. Nilipokufundisha kufungua mashine ukiwa na miaka kumi na miwili, ilikuwa ni kwa ajili ya hilo, ingawa baadaye ikawa raha yangu kubwa kuliko zote, mimi na wewe dukani Jumamosi, wewe ukinikosoa mbele ya wateja. Siku moja uliniuliza, "Baba, kwa nini umeme ukikatika diski inakufa?" Nikakupa somo zima. Lilikuwa somo zuri, na lilikuwa la kukupoteza. Ulikuwa umeketi palepale unaandika kwenye daftari.

Kilichonivunja ni mwezi uliopita. Mama yako aliniambia, tena kwa furaha, kwamba umemwambia unakwenda kusomea kompyuta ili siku moja uifufue ile diski. Nilitoka nje nikajifanya naangalia bomba la maji. Mwanangu, kama unakwenda huko kwa ajili ya kosa, kosa si lako. Kama unakwenda kwa sababu unapenda, basi nenda kwa moyo wote, nami nitajisifu Kaloleni nzima mpaka wanichoke. Ila usiende Mbeya kulipia mpira wangu. Diski ninayo, iko kwenye droo ya chini dukani, nimeifunga kwenye kitambaa. Sikuwahi kuweza kuitupa.

Leo asubuhi nilimwambia mama yako. Alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Miaka tisa?"

Nikasema ndiyo.

"Miaka tisa umemwachia mtoto?"

Uone, hakuuliza habari ya sauti za mama yake. Aliuliza habari yako. Alilia kidogo, akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye utomvu, akasema, "Mimi nitakusamehe nikijisikia. Labda Krismasi. Lakini huyu mtoto hapandi basi bila kujua. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi kesho stendi, mbele ya kondakta na abiria wote." Nikamwambia nitaandika barua niiweke chini kabisa ya begi, uikute ukifika. Akanitazama tu. Ule mtazamo unaujua. Kwa hiyo utaisoma leo, jua likiwa bado linawaka, na mimi nikiwa hapahapa. Na kama ulishangaa kwa nini chai yangu leo haikuwa na sukari, sasa umejua.

Nakala imekwisha. Nimezifungua faili moja moja kuona kama kweli zinafunguka, maana nakala ambayo hujaifungua ni matumaini tu. Picha zipo, maandishi yapo, nyimbo zako zile za makelele zipo. Betri imejaa, chaja imechomekwa. Ngoja niweke kalamu chini.

Nimerudi. Nimeisasisha firmware kwa kupitia upande wa Windows. Nilibonyeza, mstari ukaanza kwenda, na amini usiamini, ulifika karibu na katikati ukasimama. Nikakalia mikono yangu. Sikutanii, niliikalia yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki ya kipaimara. Mama yako jikoni akaimba wimbo mzima, akaanza mwingine. Kisha mstari ukaendelea wenyewe, mashine ikazima yenyewe, ikawaka yenyewe. Nimeingia Windows, namba mpya ya toleo ipo. Nimeingia Linux, namba ni ileile mpya. Imepona.

Kumbe hata siku ile ingemaliza. Hilo ndilo linaloniuma leo kuliko yote. Pengine zilibaki dakika tatu tu, nami sikuwa nazo, halafu nikaja kukuchukulia wewe miaka tisa.

Nisamehe, Elineema. Si lazima leo. Kama utataka kupanga foleni nyuma ya mama yako, panga, nitasubiri. Siku hizi najua kusubiri. Nakupenda sana. Sidhani kama nimewahi kukuambia kwa mdomo, na hilo nalo ni kosa, ila dogo, nitalirekebisha kesho stendi, hata kondakta asikie.

Sasa nisikilize nilichofanya muda huu. Nimepanda kwenye kiti nikaishusha ile pasi ya zamani juu ya kabati, ambako mama yako aliiweka siku ile na hakuna aliyeigusa tena. Waya wake bado umechubuka. Nimevaa viatu vya raba, usiogope. Nimeichomeka kwenye ekstensheni ileile, ubavuni mwa laptop yako. Swichi ya nyuma ya mlango imejizima. Umesikia mama yako akipiga kelele kwamba redio imenyamaza? Ni mimi.

Nampa mama yako barua hii akuletee hapo uani, usome hata ukiwa umeukalia huo mkungu wako. Swichi sitairudisha mpaka uje. Nataka uone kwa macho yako kile nilichokuficha: umeme umekatika, pasi imechomekwa, na laptop iko mezani inawaka.

Ukishaona, nitairudisha swichi na kuitupa hii pasi mbovu. Wewe kaitoe blauzi chini ya godoro. Chukua pasi mpya ya mama yako, chomeka popote unapotaka, na usiniulize.

Baba yako